Unapofundisha yabisi, kimiminika na gesi, anza na bomba la sindano

Nikifika kwenye mada ya hali za maada, siandiki maana ubaoni kwanza. Mwanafunzi anaweza kukariri kwamba yabisi ina umbo na ujazo wake, kimiminika kina ujazo lakini umbo hulifuata la chombo, gesi haina kimojawapo, akapata alama zote. Muulize hewa ya chumbani ina umbo gani, anabaki kukutazama.

Tafuta bomba la sindano la plastiki, bila sindano yenyewe. Vuta hewa hadi mililita 10, ziba mdomo wa bomba kwa kidole, kisha mwache mtoto asukume. Pistoni inaingia, na akiiachia inarudi yenyewe. Rudia kwa maji, na hakikisha hakuna kiputo kilichobaki ndani, maana kiputo kidogo tu kinavuruga somo zima. Safari hii atasukuma mpaka kidole kimuume, na pistoni haitoki kwenye alama yake. Chembe za maji zimeshabanana, hazina pa kusogea. Za hewa zimeachana mbali, nafasi ipo tele.

Kufundisha umbo si kazi kubwa. Mimina maji kutoka glasi nyembamba kwenda bakuli pana. Watoto wadogo watashikilia kwamba kwenye glasi yalikuwa mengi zaidi. Usibishane nao, wape silinda ya kupimia wajionee.

Kisha leta mchanga, swali ninalolipenda kuliko yote. Unamiminika, unajaza chombo chochote, mbona tunauita yabisi? Waache wabishane kwanza. Halafu wape lenzi watazame punje moja: ihamishe popote, umbo lake ni lilelile. Tena mchanga ukiumwaga unajirundika kama kichuguu, wakati maji hujisawazisha yenyewe.

Wakishaelewa hayo, waambie pia kwamba ujazo wa kitu hubadilika kinapobadili hali, jambo ambalo walimu wengi tunaliruka. Gramu 1 ya maji ina ujazo wa mililita 1. Ikiganda inakuwa takriban mililita 1.09, ndiyo maana chupa iliyojazwa maji hadi juu hupasuka kwenye friza. Ikichemka na kuwa mvuke wa nyuzi 100, kwenye kanieneo ya kawaida ya hewa, inachukua zaidi ya lita moja na nusu, na chembe hazijaongezeka hata moja.