Mbona hamkuuliza kuhusu ndoo?

Mhariri, wiki hii mmeuliza kama mwanamke aliyezaa anyanyue vyuma gym. Mbona hamkuuliza kuhusu ndoo? Ndoo ya lita 20 ikijaa ni kilo 20 na ushee, na wanawake wa Tandika na Mbagala, Dar es Salaam, huibeba kichwani bila kocha wala kioo cha kujitazamia. Arobaini ikiisha, wengine hata kabla, mzazi yuko bombani. Zile siku 84 za likizo ya uzazi ni za mwenye ajira. Muuza viazi ataombea wapi ruhusa?

Shangazi yangu alikuwa muuza viazi. Mtoto wake wa mwisho alizaliwa mkubwa, uchungu wa kutwa kucha. Tangu hapo hakukaa kwenye kiti cha mtu bila kutandika khanga iliyokunjwa. Akitaka kukohoa, anapishanisha miguu kwanza. Kwenye shughuli wenzake wakiangua kicheko, yeye anabana magoti na kutabasamu tu. Nyumbani kwake udi ulifuka mchana kutwa, sisi watoto tukidhani ni usafi.

Siku moja maji yalikatika mtaa mzima, tukapanga foleni kwa jirani mwenye kisima. Shangazi akaweka kata kichwani, akapiga goti, akasema, "Nitwike." Nikamtwika. Akavuta pumzi akaibana, akainuka, kisha akaganda pale pale. Gauni lilikuwa limelowa kuanzia kiunoni kwenda chini, na ndoo haikuwa imemwagika hata tone. Kina mama wa foleni mnawajua. Akaninong'oneza bila kugeuza shingo: "Mwanangu, nimwagie maji." Sikuelewa. "Chota, nimwagie mgongoni, haraka!" Nikachota kwa kopo, nikammwagia. Hapo akapaza sauti kunigombeza: mtoto gani huyu asiye na adabu! Foleni nzima ikanisema mimi. Tukaondoka amelowa chapachapa, na maelezo sikuyapata mpaka nilipokuwa mtu mzima.

Zahanati walimwambia kizazi kimeshuka kidogo, aache kubeba vizito. Aache, ale nini? Na mimi nilipoanza barua hii nilitaka kuandika hivyo hivyo, kwamba aliyezaa asiguse kizito. Lakini kilichomsaidia shangazi hakikuwa kuacha. Baadaye mtaalamu wa fiziotherapia alimfundisha kubana misuli ya chini ya nyonga, ile inayoshikilia kibofu na kizazi: bana kama unazuia mkojo na ushuzi kwa pamoja, shikilia sekunde chache, achia, mara 8, mara 3 kwa siku, kwa miezi 3 au zaidi. Daktari Mmarekani Arnold Kegel aliyaandika mazoezi ya namna hii tangu 1948, na bado kuna wanaowaambia wanawake wavumilie tu. Mtaalamu yule akamfundisha shangazi na kunyanyua: bana kwanza, kisha inuka huku unatoa pumzi, maana pumzi ukiizuia, tumbo linasukuma chini. Shangazi akaendelea kubeba, akianza na mizigo midogo. Mkojo ulipungua sana, ingawa haukwisha.

Sasa gym si ndivyo wanavyofanya, kuanza na kidogo na kuongeza? Tena vyuma vimeandikwa kilo. Nani aliwahi kuona lumbesa imeandikwa kilo?

Basi aliyezaa anyanyue. Ila akaguliwe kwanza, na asiwafukuzie wenzake ambao hawajazaa. Akiona mkojo unamponyoka, au anahisi kitu kinashuka ukeni, apunguze uzito akamwone daktari. Na mkojo unaovuja mfululizo usiku na mchana baada ya uchungu mrefu huenda ni fistula, yaani tundu kati ya kibofu na uke. Huo hauishi kwa kubanabana, aende hospitali.

Binti yangu ana kichanga cha miezi minne na anataka kurudi gym. Nimemwambia aende akishapimwa, na ndoo za hapa nyumbani abebe mumewe. Mkwe wangu naye ni msomaji wenu, kwa hiyo ameshasikia.