Tomte si Baba Krismasi, ingawa wana undugu

Ndugu, umeuliza kama tomte wa Sweden ndiye Baba Krismasi. Kwa asili, siye. Tomte, ambaye Denmark na Norway humwita nisse, ni kijitu wa shambani katika hadithi za kale: mzee mfupi mwenye ndevu, nguo za kijivu na kofia nyekundu, anayeishi zizini au ghalani. Watu wakilala, yeye hulisha farasi na kulinda mifugo. Ujira wake ni bakuli la uji mzito mkesha wa Krismasi, na juu yake lazima pawe na donge la siagi.

Hiyo siagi si jambo dogo. Katika hadithi ninayoipenda kuliko zote, nisse analetewa uji, haoni siagi, anapandwa na hasira na kwenda kumuua ng'ombe bora wa mwenye shamba. Anarudi kula, anafika chini ya bakuli, kumbe siagi ilifichwa huko! Kwa majuto anatoka usiku uleule kutafuta ng'ombe anayefanana na yule, anamfunga palepale zizini. Mkali, lakini deni lake analilipa.

Kuchanganywa na Baba Krismasi kulikuja karne ya 19. Mwaka 1881 mchoraji wa Sweden, Jenny Nyström, alimchora tomte kwa ajili ya shairi la mshairi Viktor Rydberg, na baadaye kadi zake za Krismasi zikaieneza sura hiyo. Ndiyo maana hadi leo Waswidi humwita mleta zawadi jultomten, yaani tomte wa Krismasi.