RNA ndogo ni sehemu ya RNA zisizounda protini

Umeuliza kama RNA ndogo (RNA ni molekuli ya seli inayofanana na DNA) ni kundi la pembeni, tofauti na RNA nyingine zisizounda protini. Hapana, zimo humo humo. Kundi hilo kubwa lina RNA za ribosomu, RNA zinazobeba asidi amino, na RNA ndefu zinazozidi nyukliotidi 200, yaani vipande vinavyoijenga RNA. Maikro-RNA, aina ya RNA ndogo, zina takriban nyukliotidi 22 tu. Ya kwanza, lin-4, ilielezwa mwaka 1993 katika mnyoo mdogo, na wanasayansi Ambros na Ruvkun wakapata Tuzo ya Nobel mwaka 2024 kwa ugunduzi wa maikro-RNA.

Kinachonivutia zaidi ni jinsi RNA ndefu na ndogo zinavyoingiliana. RNA ndefu H19 hukatwa ikatoa maikro-RNA iitwayo miR-675, yaani ndefu humzaa ndogo. Kisha kuna maikro-RNA nyingine, miR-7: RNA ya duara CDR1as ina zaidi ya sehemu 70 za kuishika, na katika ubongo wa panya RNA ndefu Cyrano huichochea miR-7 iharibiwe. Cyrano ikiondolewa, miR-7 hujaa na CDR1as nayo hupungua. Kwa hiyo usizisome kama sura mbili tofauti; urefu ni kigezo cha kupangia tu, kazi zao zimefungamana.