Barua kwa mwanangu: kidari kina dakika zake, paja lina zake

Mwanangu mpendwa,

Salamu zako zimefika, na swali lako pia. Unasema ulimkata kuku mzima, vipande vyote ukavitia sufuria moja ya mchuzi, vikakaa motoni karibu saa nzima. Mapaja yakatoka laini hadi wageni wakayagombea, kidari kikabaki bakulini, kikavu, kinakwama kooni. Sasa unataka nikuambie ni sehemu gani ya kuku iliyo nzuri, ili uwe unanunua hiyo tu.

Baba, kidari hakina kosa. Vipande vile viliiva kabla ya dakika ya 20. Muda wote uliofuata ulikuwa unavikamua maji. Mapaja nayo yangeteremshwa dakika hiyohiyo ya 20, wageni wako wangetafuna kano na kunyamaza kwa adabu. Kwa hiyo kabla ya kuuliza sehemu ipi ni tamu, jiulize una moto gani na una muda gani. Ukishajua hayo, kipande kinajichagua chenyewe.

Tofauti hii chanzo chake ni namna kuku anavyoishi. Kutwa nzima yuko miguuni: anatembea, anachakura, anasimama. Misuli ya paja na mguu inafanya kazi bila kupumzika, nayo huhitaji oksijeni ya akiba. Akiba hiyo hutunzwa na kitu kiitwacho mioglobini, na hicho ndicho kinachoipa nyama ile wekundu wake. Kidari ni msuli wa kupigia mbawa. Kuku haruki ila ameshtuka: anapiga mbawa kwa nguvu, sekunde chache, basi. Msuli wa kazi ya ghafla hauna haja ya akiba kubwa, ndiyo maana ni mweupe. Mwangalie njiwa au bata wa mwituni, ndege wa safari ndefu angani, utakuta kidari chake ni chekundu kabisa.

Msuli unaofanya kazi sana hufungwa kwa nyuzi ngumu za kolajeni, tena hubeba mafuta zaidi. Kolajeni ndiyo inayolifanya paja lililopikwa haraka livutike kama mpira. Ila ukiipa joto na muda inayeyuka na kuwa jelatini, ule ute unaonata midomoni na kuufanya mchuzi uwe mzito bila kutiwa unga. Mafuta nayo ndiyo yanayobeba sehemu kubwa ya ladha tunayoijua kuwa ya kuku. Kidari hakina kolajeni ya kutosha wala mafuta ya kukiokoa. Kila dakika ya ziada inaondoka na maji, na hakuna kinachoingia badala yake.

Kama unapenda hesabu: gramu 100 za kidari kilichookwa bila ngozi zina protini kama gramu 31 na mafuta chini ya gramu 4. Paja lisilo na ngozi lina protini kama gramu 25, na mafuta kati ya gramu 8 na 11. Anayehesabu kila gramu ya mafuta achukue kidari kwa amani. Lakini usikubali kuambiwa kwamba paja ni chakula cha kujitia ugonjwa. Tofauti ni gramu chache, na nyingi kuliko hizo hutoka kwenye chupa ya mafuta tunayokaangia.

Nunua kipimajoto cha jikoni. Najua utasema ni mambo ya hotelini. Nunua. Nyama ya kuku ni salama ikifika nyuzi 74 za Selsiasi katikati ya sehemu nene, na hapo ndipo kidari kinatakiwa kiteremshwe mara moja. Kikifika 80 kimeanza kuwa nyuzinyuzi. Paja, kinyume chake, kwenye 74 ni salama lakini bado halijanoga; liache lipande hadi 80 au 85, hata zaidi kidogo, ndipo linapolegea. Nyuzi kumi tu, moja inaharibika na nyingine inakuwa tamu. Unapopima, ncha isiguse mfupa, maana utasomewa joto lisilo la nyama.

Sasa kidari chenyewe, maana naona ndicho kilichokushinda. Umbo lake ni la taabu: upande mmoja mnene, mwingine mwembamba. Mwembamba unakauka wakati mnene haujaiva. Ukipike kizima na umbo hilo, utalaumu jiko bure. Kipasue kwa ubapa kipate kuwa vipande viwili vyembamba, au kifunike kwa karatasi ya nailoni ukipondeponde kwa chupa hadi unene uwe sawa. Kitie chumvi mapema, nusu saa kwa uchache, au usiku kucha ndani ya friji. Chumvi kwanza huvuta maji nje, kisha maji hayo hurudi ndani nayo, na nyama hushika unyevu wake vizuri zaidi motoni. Ukipenda kuloweka, gramu 50 hadi 60 za chumvi kwa lita moja ya maji, saa moja au mbili, inatosha. Ila soma kwanza maandishi ya pakiti: nyama nyingine imeshadungwa maji ya chumvi kiwandani, na ukiiloweka tena utakula chumvi tupu.

Kikaango kiwe cha moto, kidari kiwe kikavu kwa nje, dakika tatu au nne kila upande kwa vipande vyembamba. Kitoe, kipumzike dakika tano, halafu ukate kwa kukatisha nyuzi za nyama, usizifuate. Hilo la kukatisha watu hulipuuza, na ndilo linalofanya nyama ileile ionekane laini au ngumu mdomoni. Kwa mchuzi, kikaange kidogo kipate rangi, kiweke pembeni, upike mchuzi wako mpaka uive kabisa, ndipo ukirudishe kwa dakika chache za mwisho. Na ukitaka cha kuchambua kwa mkate au saladi, kichemshe kwenye maji yanayotoa mvuke bila kutokota. Maji yanayochemka kwa fujo hukikaza.

Ndimu nayo iwe ya kiasi. Kidari kikilala kwenye ndimu usiku mzima, nje kinakuwa kama chokaa. Mtindi ni mpole zaidi, huo unaweza kulala nao.

Jambo jingine, usije ukajidhania mpishi mbaya bila sababu. Siku hizi hupatikana vidari vikubwa mno ambavyo vibichi tu ukivibonyeza ni vigumu, na juu vina mistari mingi myeupe. Ni hali inayowapata kuku wanaokuzwa haraka sana. Haimdhuru mlaji, lakini hakuna upishi utakaokifanya kidari hicho kiwe laini sawasawa. Chagua vidogo vinavyobonyea. Ukishanunua kile kigumu, kisage.

Paja ndilo ninalolipenda mimi, sitakuficha, na paja lenye mfupa na ngozi yake. Linakusamehe. Ukipigiwa simu ukaongea dakika kumi zaidi, utalikuta limezidi kuwa zuri. Kwenye mchuzi lipe dakika 35 hadi 45 za moto mdogo. Kwenye oveni ya nyuzi 200 hadi 220, muda ni huohuo, ngozi ikiangalia juu. Kwenye kikaango, lilaze kwa ngozi kikaango kikiwa bado baridi, washa moto wa wastani, na usiliguse. Mafuta ya ngozi yatayeyuka polepole, nayo ngozi itakaangika kwa mafuta yake yenyewe mpaka ivunjike ukiitafuna. Ukilitia kwenye kikaango cha moto mkali, ngozi inaungua juu na chini yake inabaki na tabaka la mafuta mabichi. Paja lililotolewa mfupa ndilo la kuchoma kwenye mkaa kwa haraka, dakika 12 au 15, na ndilo ningekuchagulia kwa mishikaki badala ya kidari, ambacho vipande vyake vidogo vinakauka kabla hujageuza kijiti.

Mguu, yaani kile kipande cha chini ya paja, ladha yake ni ya paja ila una kano nyingi zaidi. Kata kano hizo kwa kuzungusha kisu karibu na kifundo kabla ya kupika, nyama itapanda juu na mlaji atapata pa kushika. Watoto huupenda kwa sababu hiyohiyo. Zaidi ya hapo sina la kuusema.

Vipapatio ni ngozi, mfupa na nyama kidogo. Karibu nusu ya uzito unaonunua ni mfupa. Kwa hiyo usivinunue ukitafuta shibe. Vinunue kwa ajili ya ngozi. Vikaushe vizuri kwa karatasi, vipake chumvi na beking pauda kidogo sana (kijiko kimoja cha chai kwa nusu kilo kinatosha), uvioke kwa nyuzi 220 kwa dakika 45 hivi ukivigeuza mara moja. Beking pauda husaidia ngozi kubadilika rangi na kukauka, utadhani vimekaangwa kwenye mafuta mengi. Zile ncha zisizo na nyama usizitupe.

Na hapo ndipo tunapofika kwenye sehemu ambazo watu huona ni takataka: mgongo, shingo, ncha za vipapatio, miguu yenye kucha. Kwa kuoka hazina faida. Kwa supu, kidari hakizifikii hata kidogo. Kolajeni yote imejaa humo, kwenye gegedu na ngozi. Zianzie kwenye maji baridi, engua povu, moto uwe mdogo kwa saa mbili au tatu, chumvi mwisho. Supu ya miguu ikilala kwenye friji huganda ikatikisika. Usishtuke ukadhani imeharibika. Na kwenye mgongo, karibu na kiungo cha paja, kuna vipande viwili vidogo vya nyama, kimoja kila upande, vimelala kwenye kibonde cha mfupa. Ndiyo nyama tamu kuliko zote katika kuku mzima, na mpishi anayejua huila akiwa bado jikoni.

Firigisi ni msuli wa kusaga, haujapumzika tangu kifaranga, kwa hiyo inataka saa nzima na zaidi ya kuchemka. Maini hayataki hata dakika kumi. Usiyapike pamoja, lakini pia usiyaache maini yakiwa mabichi katikati kwa kufuata mitindo, maana huweza kubeba vijidudu.

Ukitaka kumwoka kuku mzima, utakutana na tatizo lako lilelile, kidari kinatangulia na mapaja yanachelewa. Dawa yake ni mkasi. Kata uti wa mgongo pande zote mbili uutoe, mgeuze kuku, mbonyeze kifuani kwa viganja mpaka alale bapa. Mapaja sasa yako wazi kwenye joto badala ya kujificha chini, na yote yanaiva pamoja, tena kwa muda mfupi zaidi.

Umri nao una neno lake. Haya yote nimeyasema kwa kuku mchanga, yule anayechinjwa akiwa na wiki chache. Kuku wa mayai aliyekwisha umri wake ni habari nyingine. Kolajeni yake imekomaa, hata kidari chake kinahitaji mchemko wa muda mrefu. Usimbanike, mpeleke kwenye supu.

Usimwoshe kuku mbichi kwenye sinki. Najua umenikuta nikiosha tangu ukiwa mdogo, lakini maji yanayoruka hutapanya vijidudu kwenye vyombo na mboga, na moto ndio unaoviua, si maji. Mkaushe kwa karatasi, osha mikono. Nyama iliyoganda iyeyushe ndani ya friji, si mezani. Na ukiona wekundu karibu na mfupa huku kipimajoto kinasoma 74 au zaidi, kula bila wasiwasi. Kwa kuku wachanga rangi ya uboho hupenya nje ya mfupa.

Kuhusu kununua: mnunue mzima umkate mwenyewe. Kisu kifuate viungo, usilazimishe mfupa. Kunja paja nyuma mpaka kiungo kichomoze, kata hapo, kisha tenga mguu na paja pale unapoona mstari mwembamba wa mafuta. Mapaja na miguu wapikie wageni, vidari weka kwa siku za haraka, vipapatio vikusanye kwenye friza, na migongo pia. Ikitimia minne au mitano una sufuria nzima ya supu.

Niandikie oveni yako inafika nyuzi ngapi. Nyingine husema 200 na ndani hazifiki 180, na hapo dakika nilizokupa itabidi uziongeze.

Mama yako