Tenki la pikipiki lililoanikwa juani bado linalipuka

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni bodaboda hapa Mbeya, kijiwe cha Mafiati. Nilianguka kwenye mvua nikishuka kutoka Isyonje kuja Uyole, tenki likagonga jiwe na kubonyea upande wa kushoto, ukubwa wa kiganja. Halivuji. Fundi mmoja anasema atapapasha moto wa gesi huku akijaza upepo wa kompresa, parudi penyewe. Petroli nimeshamwaga yote na tenki nimelianika juani siku mbili, mdomo wazi. Nimpe kazi?

JIBU: Marahaba. Usimpe.

Kubonyea ni jambo dogo, nitalifikia. Kinachonikera ni hizo siku mbili za jua. Kila mara mtu ananiletea tenki akisema, "Limekauka hili fundi, nusa mwenyewe." Mimi sinusi, naenda kuchemsha maji.

Mvuke wa petroli huwaka ukiwa kama asilimia 1.4 hadi 7.6 ya hewa iliyomo. Ukizidi hapo, hewa haitoshi na hauwaki. Sasa piga hesabu kwa tenki la lita 11: petroli isiyofika robo kijiko cha chai, ikishageuka mvuke, inatosha kulipua. Robo kijiko! Hiyo hujificha kwenye maungio ya chini, kwenye kutu, kwenye mpira wa geji, na moto wa fundi ukigusa bati ndipo inapotoka. Tena mvuke wake ni mzito kuliko hewa. Ukiacha mdomo wazi kwa juu, unatulia mle ndani kama maji kwenye mtungi. Na wasikudanganye na baridi yetu ya Juni. Petroli hutoa mvuke wa kuwaka hata kwenye nyuzi 40 chini ya sifuri. Kwake yeye Mbeya ni joto.

Nikiwa bado najifunza kazi, gereji moja Mwanjelwa, kulikuwa na tenki limekaa juu ya kabati zaidi ya wiki. Mkubwa wetu akalishusha, akaligusisha moto mara moja tu. Haukuwa mlio mkubwa, ni "buu" kama mtu kapiga debe kwa ngumi. Maungio ya chini yakaachia yote, tenki likawa limeachama kama samaki. Kofia ya tenki tuliiokota ng'ambo ya uzio. Mkubwa alibaki na macho yake, nyusi zilikwenda.

Haya, upepo. Kompresa ya gereji hufika baa 8, yaani karibu kilo 8 kwa kila sentimita mraba. Ubavu wa tenki wenye sentimita 20 kwa 30 unasukumwa kwa karibu tani 5, na bati lenyewe ni la milimita moja au pungufu. Halichagui pa kutokea. Palipobonyea pamekunjika, kwa hiyo pamekuwa pagumu. Kinachovimba ni pengine, hasa lile handaki la chini linalokaa juu ya fremu. Unarudishiwa tenki nono lisiloingia kwenye pikipiki yako.

Kwako wewe, fungua tenki, toa koki na geji, osha kwa maji ya moto na sabuni ya unga mara tatu nne, ukitikisa. Halafu tafuta fundi bodi anayevuta kwa nje kwa gundi, bila moto. Pasiporudi pote, pati nyembamba ya kujazia juu ya bati lililosuguliwa msasa, praima, rangi. Au paache tu; kama halivuji, ulichopoteza ni mafuta kidogo ya ujazo. Ila likisharudi na petroli, paka chaki kavu kwenye maungio ya upande ulioanguka. Chaki ikilowa, hapo kuna ufa usiouona.

Akilazimika kuchomelea, baada ya kuosha alijaze maji, alilaze hivi kwamba hewa ibaki kiasi kidogo tu pale anapochomea. Wapo wanaoingiza moshi wa ekzosi ya pikipiki nyingine "kufukuza gesi". Huo moshi hujui umefika wapi, na ukizima injini hewa inarudi.

Haya hayaishii kwenye tenki. Mapipa yanayokatwa kuwa majiko ya chapati, madumu ya chuma, hata tenki la dizeli la pawatila, lile trekta dogo la mkono. Dizeli watu huidharau kwa kuwa haishiki kiberiti upesi, lakini ukipasha bati, mabaki yale yanageuka mvuke na pipa linakuwa bomu lile lile. Pipa lioshwe, kisha lijazwe maji hadi karibu na mstari wa kukata. Fundi akikuambia maji yanamchelewesha, beba pipa lako uondoke kabla hajafungua mtungi wa gesi.