Ua la milimani limegoma kuchanua Dodoma

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Niko Kisasa, Dodoma. Mdogo wangu anayesoma Norwei aliniletea mbegu za kiua cheupe cha milimani, pakiti imeandikwa Arabis alpina. Nilizisia kwenye vyungu mwezi wa tatu, zikaota vizuri, majani yakajaa. Sasa ni mwezi wa tisa, ua hata moja sijaliona, na miche miwili imeoza shinani. Nimeweka samadi, nimeweka DAP, wapi! Tatizo ni nini?

JIBU: DAP iache kwanza, dada. Mmea wako haudai chakula, unadai baridi.

Huyo ni ndugu wa kabichi na chainizi. Itazame chainizi iliyochelewa kuvunwa: ua lina petali nne zilizokaa kama msalaba, kisha yanafuata maganda membamba marefu ya mbegu. Lako lingekuwa hivyo hivyo, ila jeupe. Lakini chainizi ikipigwa na joto la Dodoma hukimbilia maua kabla hujashiba majani yake. Kabichi je? Ukiiacha shambani hapo kwenu itapasuka na kuoza bila kutoa mbegu, kwa sababu inasubiri baridi isiyokuja. Ua lako limefuata tabia ya kabichi.

Ndani yake kuna jeni iitwayo PEP1, ambayo kazi yake ni kuzuia maua. Baridi ya muda mrefu ndiyo inayoizima. Aina inayotumiwa sana na watafiti, yenye asili ya milima ya Hispania, huwekwa wiki 12 kwenye nyuzi 4 hivi ndipo ichanue vizuri. Tena mche uwe umekomaa kidogo. Wa wiki tatu baridi inaupitia bure. Kinachonivutia zaidi ni kwamba joto likirudi jeni ile huamka tena, na machipukizi yaliyokuwa machanga wakati wa baridi hubaki majani matupu, akiba ya mwaka unaofuata. Ndiyo maana mmea huu huchanua mwaka hadi mwaka, wakati chainizi ikishazaa imekwisha.

Dodoma iko mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari. Usiku wa Julai, pamoja na masweta yote mnayovaa, ni nyuzi 13 hivi, na mchana jua liko palepale. Haitoshi.

Friji? Inawezekana: nyuzi 4, taa iwake ndani kwa muda wa saa nane kila siku, miezi mitatu, na umeme usikatike. Halafu uutoe Desemba uuweke kwenye nyuzi 30. Mimi nisingehangaika.

Kuoza shinani ni habari nyingine. Huu ni mmea wa nyufa za miamba na changarawe za chokaa, mahali ambapo maji hupita bila kutuama. Chungu kilichojaa samadi, kimelowa na kina joto, kinaalika ukungu. Iliyooza ing'oe na udongo wake uutupe. Iliyobaki ihamishie kwenye mchanganyiko wa mchanga na kokoto ndogo, uiweke penye kivuli cha mchana, na umwagilie asubuhi tu, udongo wa juu ukishakauka. Itaishi kwa muda, kama majani.

Ukitaka kuliona likiwa limechanua, huna haja ya kwenda Norwei. Arabis alpina ipo Kilimanjaro, juu ya ukanda wa msitu, na ipo pia Mlima Kenya na milima ya Ethiopia. Piga picha tu. Ile ni hifadhi, hakuchumwi kitu. Kwa vyungu vya Kisasa ningepanda vinka nyeupe: inastahimili jua na haina masharti.

Na mbegu zilizobaki usiwagawie majirani. Mbegu za nje huingia kwa kibali cha TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu nchini, na cheti cha afya ya mimea kutoka zilikotoka. Mdogo wako akitaka kuleta nyingine, aanzie hapo.