Weka Mkasi Chini: Majibu kwa Wenye Miwaridi ya Zamani

Nina 'Charles de Mills', mwaridi wa zamani. Huu mwaka wa tatu, majani tele, ua hata moja. Niweke mbolea gani?

Usiweke yoyote. Huo ni wa ukoo wa Gallica, na Gallica asipolala kwenye baridi kali hatoi maua. Hata kwao huchanua mara moja tu kwa mwaka. Ulinunua neno "zamani" bila kuuliza ukoo. Gallica, Damask, Alba na Centifolia ni watu wa baridi. Penye joto mwaka mzima tafuta damu ya China: 'Old Blush', 'Cramoisi Supérieur' wa 1832, au miwaridi ya Chai (Tea) kama 'Safrano' wa 1839 na 'Mrs. B. R. Cant' wa 1901. Ukoo wa Noisette nao unafaa. Hao walizaliwa Charleston, Marekani, mwanzoni mwa karne ya 19, kwenye joto na unyevu kama wako. Wote hawa huchanua, wakapumua kidogo, wakachanua tena. Huyo wako mpe rafiki anayeishi mlimani.

Nipogoe lini, na nikate hadi wapi?

Barua saba zimeuliza hili, na nne kati yake zimeshakata kabla ya kuuliza. Hiyo kanuni ya kukata hadi magotini ilitungwa kwa ajili ya miwaridi chotara ya kisasa, ile inayohesabiwa kuanzia 'La France' wa 1867, na kwa bustani ambazo baridi inaua nusu ya matawi kila mwaka. Mwaridi wa Chai hauna likizo ya namna hiyo. Akiba yake iko kwenye matawi yake manene ya miaka mingi, na ukiyaondoa umeiba ghala.

Nasema nikiwa na kovu. Miaka ya mwanzo nilikuwa na mwaridi wa Chai ulionifika kifuani, nikaukata ukabaki mashina matano kama vidole. Ulikaa miaka miwili ukitoa vijiti vyembamba na maua mawili matatu ya kunionea huruma. Siku hizi natoa matawi makavu, yanayosuguana, na maua yaliyonyauka. Kichaka kikizidi mno, napunguza theluthi moja, sipiti hapo. Na miaka mitatu ya kwanza mkasi haukaribii kabisa.

Maua ya 'Duchesse de Brabant' yanainamisha vichwa. Yana upungufu gani?

Hayana. Shingo yake ndivyo ilivyo. Panda mwaridi huo penye kituta, uyatazame kutokea chini.

Madoa meusi yamemaliza majani. Nimepuliza dawa mara sita.

Na maji unamwagilia jioni, kwa mpira, juu ya majani. Hukuandika hivyo lakini naona. Kuvu wa madoa meusi anahitaji jani libaki limelowa kwa saa saba hivi ndipo aingie, na wewe unamtandikia kitanda usiku kucha. Mwagilia asubuhi, shinani. Okota majani yaliyoanguka, weka matandazo mapya, acha nafasi upepo upite kati ya vichaka. Kisha vumilia: mwaridi wa China wenye afya hupoteza majani kiasi na kuyarudisha bila kukuomba ruhusa.

Kuna mwingine kaandika kwamba majani yake yamepauka, yana vidoa vidogo vidogo na utando mwembamba chini. Huo ni utitiri, mtoto wa joto kavu. Hapo ndipo maji kwenye majani yanafaa, ila asubuhi na kwa nguvu, kutokea chini ya jani. Ukikimbilia kiuadudu utaua wale wanaomla utitiri, nao utitiri utabaki ukisherehekea. Nyuki pia wanakufa kwa haraka zenu hizi.

Mwaridi wangu mweupe umegeuka mwekundu uliokolea!

Haukugeuka, umekufa. Kilichobaki ni shina mama lililobebeshwa mche wako, na kwa rangi hiyo huenda ni 'Dr. Huey', mwaridi mwekundu unaotumika sana kama shina mama. Ungeona mapema chipukizi linalotoka chini ya kiungio ungelinyofoa kwa mkono, maana likikatwa kwa mkasi hurudi. Ndiyo maana napenda miche iliyoota kwa mizizi yake yenyewe. Chomeka tawi lililotoka kuchanua, unene wa penseli, urefu wa sentimita 15 hadi 20, chini ya chupa angavu kivulini: wa China huota kirahisi. Isipokuwa udongo wako ni mchanga wenye minyoo fundo, ile midogo inayotia mizizi mafundo. Hapo lipia mche uliobebeshwa kwenye 'Fortuniana', shina mama linalostahimili minyoo hiyo.

Kwa nini majani ni ya manjano?

Yapi? Machanga yenye mishipa ya kijani, udongo una chokaa nyingi na mmea haupati chuma. Makuukuu ya chini, yamezeeka au njaa ya naitrojeni. Andika tena, safari hii uangalie kwanza.

Mwaridi wa China 'Mutabilis' unaweza kukaa kwenye chungu?

Unaweza, kama chungu chako unaingia wewe na mtoto. Ua lake hufunguka la manjano iliyofifia, kesho yake ni la waridi, keshokutwa jekundu la damu ya mzee, na rangi zote tatu hukaa pamoja kama vipepeo waliotua. Kwenye chungu utahesabu vipepeo sita. Ardhini mpe mita mbili kila upande, na usinitumie picha ya mkasi.